Uwanja wa Mbinya Ulivyohama

Kule juu ya soko la Kalamba, ufagio wa Mbinya uliamsha watu kuliko jogoo. Shwaa, shwaa, shwaa, alfajiri kukiwa bado na ukungu mashambani. Aliyekuwa amejifunika blanketi alijigeuza akasema, "Huyo Mbinya." Kisha akaona haya ya kulala, naye akaamka kutafuta ufagio wake.

Mbinya alikuwa mjane. Watoto wake walishaondoka, wengine wameolewa, wengine wanatafuta riziki, na boma lote lilikuwa lake na mbuzi na kuku. Hakuna aliyemfundisha kutunza nyumba na hakuna aliyethubutu kujaribu. Sufuria alizisugua kwa majivu mpaka zikang'aa kama zimetoka dukani jana. Sabuni kwa sufuria alisema ni uvivu wa watu wa mjini, halafu maji yake hayafai tena kwa kitu chochote. Maji ya majivu yalikuwa na kazi. Ndengu na mbaazi alizihifadhi kwenye magunia, na magunia aliyainua juu ya magogo yasiguse sakafu. Jembe, panga, ungo na kamba, kila kimoja kilikuwa na msumari wake ukutani. Ukichukua panga la Mbinya ukalirudisha kwenye msumari wa ungo, ungeitwa kutoka njiani urudi ulitoe.

Lakini fahari yake ilikuwa uwanja. Alianza kwa maji, yale yaliyobaki ya kuoshea vyombo na miguu, akayanyunyiza kwa mkono vumbi litulie. Halafu alisimama mlangoni akageuza mgongo na kufagia akirudi nyuma, mkono mmoja kiunoni, ufagio wa vijiti alioufunga mwenyewe kwa katani ukienda kushoto na kulia. Alirudi nyuma hivyo hivyo kuteremka mpaka kwenye ua wa minyaa ulioko chini. Alipomaliza, uwanja ulikuwa na mistari kama kichwa kilichosukwa, na hakuna alama ya mguu hata moja, kwa sababu yeye mwenyewe alizunguka na ua kurudi jikoni. Majani ya michungwa na takataka zote alizirundika chini pale kwenye minyaa akazichoma.

Usidhani ni ushamba. Shule Mbinya hakukaa sana, lakini uwanja ule aliusoma kila asubuhi. Nyoka akipita, mstari wake unaonekana. Mbuzi wa jirani akija kula mahindi, kwato zinamtaja. Hata kuku wa Ndinda, jirani wa upande wa chini, walikuwa wanajulikana kwa vidole. Na kwetu boma lisilofagiwa lina maana yake. Kuna mgonjwa humo, au kuna maiti.

Sasa, mwaka huu ukuta wa nyumba ulipasuka. Ni kwenye kona ya upande wa jikoni, ufa ulioanzia chini ukapanda kama mzabibu mpaka karibu na dirisha. Nyumba hiyo ya matofali aliijenga marehemu mumewe wakiwa vijana, na Mbinya alibeba maji ya kukandia udongo akiwa na mimba. Akamwita Kaloki, fundi wa hapo hapo kijijini, aje azibe.

Kaloki alikuja na karai lake na saruji. Hakuanza kazi. Aliangalia ufa kidogo tu, kisha akaangalia chini kwa muda mrefu.

"Mama Nzioka, nani alichimba hapa?"

"Achimbe nani? Nani ana nguvu za kuchimba kwangu?"

"Ona mstari huu wa saruji." Aliugusa, ulikuwa usawa wa goti lake. "Huu fundi aliuacha pale udongo ulipoishia. Nyumba ikijengwa, udongo ulikuwa hapa. Sasa uko wapi?"

Kaloki akapiga magoti, akapenyeza mkono chini ya jiwe la msingi. Mkono ukaingia mpaka kiwiko.

"Ukuta hauna kosa, mama. Ukuta unaning'inia. Udongo umeondoka."

"Umeenda wapi? Udongo una miguu?"

"Mimi nitajuaje? Labda ni huku kufagia kwako, na mvua. Lakini nikiziba ufa huu leo, mvua ya Novemba itaufungua tena."

"Kaloki, nilikuita uzibe ufa. Sikukuita unihubirie uwanja. Ziba."

Kaloki alikuwa mtu wa amani na alimjua mama huyo tangu yeye mwenyewe akinyonya. Akaziba, akaenda zake.

Alipokwenda, Mbinya alisimama mlangoni akaangalia chini. Kulikuwa na mawe pale ya kupandia. Zamani halikuwako hata moja, mtu aliingia nyumbani kama anavyoingia shambani. Halafu miguu ilipoanza kuwa mizito aliweka jiwe, na baada ya miaka akaweka jingine chini ya lile, akisema ni magoti yanazeeka. Kila mtu alikubali ni magoti. Alikaza macho kwenye mawe yale, kisha akaingia ndani akapika chai. Aliyoyafikiria alibaki nayo.

Habari za ukuta zilimfikia Nzioka, mwanawe wa kwanza, anayeuza vipuri vya pikipiki mjini Emali. Jumapili baada ya kanisa akafika na mkewe Wariara. Akazunguka nyumba, akaingiza mkono pale pale Kaloki alipoingiza, akautoa akiutikisa vumbi.

"Mwaitu," alisema, na akimwita mama yake kwa Kikamba hivyo, jambo ni zito, "mimi sitakuja hapa kukutoa chini ya matofali."

"Nani amesema nitakuwa chini ya matofali?"

"Ukuta unasema. Sikiliza. Mvua ya Novemba ikishika vizuri nitakuja niangalie. Nikikuta ufa umefunguka, nakuja na lori dogo, kanta. Tunabeba kitanda, tunabeba magunia, unakaa na sisi Emali. Mbuzi tutauza."

"Na nyumba?"

"Nyumba itaanguka, mama. Ianguke bila wewe."

Mbinya aliijua Emali. Alikaa kwao alipokuwa akitibiwa macho. Ni chumba cha juu, chini ni duka, na lori za barabara ya Mombasa zinapita mpaka vikombe vinalia kwenye kabati. Sakafu ya vigae, inapanguswa kwa kitambaa chenye mti. Alfajiri aliamka kama kawaida, akasimama kwenye roshani akiangalia mabati ya watu, na mikono ikamuwasha kwa kukosa kazi. Wariara alimtunza vizuri, hilo hakukataa. Lakini alirudi nyumbani kabla ya macho kupona sawasawa.

Sasa Wariara mwenyewe alikuwa akizunguka uwanjani polepole. Wazazi wake walitoka Murang'a kuja kufanya biashara Emali, na hapo Emali ndipo alipozaliwa.

"Mama," alisema, "kabla ya hayo ya kanta, si ujaribu kuacha kufagia?"

Nzioka alikohoa. Mbinya alimgeukia mkaza mwanawe kama amemwambia aache kula.

"Niache kufagia? Watu waseme nimekufa?"

"Waseme. Majani ya michungwa usiyachome, yaache chini. Yatafunika udongo, mvua ikipiga inapiga majani. Hata karibu na ukuta, lundika tu."

"Mwanangu, huko kwenu Murang'a udongo hauna mwisho. Mtu anaweza kuishi kwenye majani kama kuku. Huku ukilaza jani, mchwa anaamka. Anakula jani, akimaliza anauliza mlango uko wapi. Unilundikie mchwa ukutani?"

Wariara akacheka. "Mimi Murang'a naenda Krismasi tu, mama. Mchwa nawajua. Wamekula kabati ya mama yangu hapo hapo Emali."

"Basi unawajua na unawaita!"

Waliagana vizuri, na kuku mmoja akafungwa miguu akapelekwa Emali. Lakini kesho yake ufagio ulilia alfajiri kuliko siku zote. Mbinya alifagia kana kwamba Nzioka na Kaloki na Wariara wote wako chini ya vijiti vile.

Mvua ya kwanza haikungoja Novemba. Ilikuja mchana mmoja, ghafla, ile mvua yetu inayotanguliwa na vumbi na harufu ya udongo. Mbinya alikuwa mlangoni akipepeta ndengu, na kwa mara ya kwanza maishani alikaa akaangalia maji yanafanya nini. Mvua ya siku zote huingiza mtu ndani kukinga mapipa na kufunga mbuzi. Siku hii, kwa sababu ya maneno ya watu, alikaa. Maji ya paa yalishuka pale pale kwenye kona, yakagonga ardhi ngumu iliyofagiwa, hayakuingia hata kidogo. Yalikusanyika, yakawa mekundu, yakachukua njia ile ile ya ufagio kuteremka, mstari kwa mstari, kama yamefundishwa. Yakafika kwenye minyaa yakapenya chini. Mvua haikudumu. Lakini uwanja ulikuwa umenyolewa.

Asubuhi yake aliyafuata maji. Alipita kwenye pengo la ua, akaingia kwa Ndinda.

Lazima niseme jambo moja kuhusu Ndinda. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwanamke mnene wa sauti nzuri, na kunde zake zilisifiwa mpaka mjini Wote. Kila msimu malimbuko ya kwanza kufika madhabahuni yalikuwa ya Ndinda, kunde mbichi zenye majani mapana kama mkono, na mchungaji aliziinua watu wote wazione. Wakimuuliza siri, Ndinda alisema, "Ni neema tu ya Bwana, na samadi kidogo." Mbinya alikuwa akikaa benchi la nyuma na kunde zake za kukonda, akipiga makofi kama wengine.

Sasa alisimama kwenye kunde hizo. Udongo ulikuwa mweusi, laini, mguu ulizama. Migomba ilikuwa imenenepa chini ya ua. Akainama, akachukua konzi. Ndani yake kulikuwa na vipande vya mkaa. Vya majani yake. Akaparua tena akapata kifuniko cha soda, kifungo, halafu kipande cha kikombe cha maua ya buluu. Kikombe hicho kilivunjwa na Nzioka akiwa mtoto, akachapwa. Mbinya alivifagia vipande vyake mwenyewe.

"Bwana asifiwe, Mama Nzioka!" Ndinda alikuwa anakuja na jembe begani. "Umekuja kuona kunde?"

"Asifiwe. Nimekuja kuziona."

"Mvua ya jana imezipendeza, eh? Mimi hapa sijui nisemeje. Mungu ananipenda."

"Anakupenda sana," Mbinya alisema. "Na mimi nimekupenda bila kujua."

Ndinda hakuelewa, akacheka tu kwa adabu. Mbinya alirudi kwake na kipande cha kikombe mkononi. Akachukua ufagio, akautazama, akautundika kwenye msumari wake. Kwa Kaloki hakuwa amekubali kosa, wala kwa Wariara, na hata leo ukimuuliza hatakubali. Lakini kuamka alfajiri kumlimia Ndinda bure, miaka yote hiyo, na kumpigia makofi juu yake, hilo hapana.

Siku hiyo hiyo akampigia Kaloki simu.

"Njoo na mawe. Nataka uzibe chini."

"Chini? Si ulisema ufa uko juu?"

"Kaloki, unakuja au nimtafute fundi?"

Kaloki akaja. Alijaza mawe na kokoto chini ya msingi pale mkono ulipokuwa unaingia, akashindilia kwa udongo na saruji. Mbinya alisimama juu yake akikosoa kila jiwe. Mengine yote alifanya mwenyewe, polepole, kwa siku nyingi. Maji ya paa aliyakata kwenye kona kwa mfereji mdogo, yakapelekwa upande wa michungwa. Mistari ya mawe aliipanga ikiukingama uwanja, si kutoka juu kwenda chini kama ufagio, na nyuma ya kila mstari akalaza vijiti vya mbaazi na maganda ya ndengu. Majani ya michungwa aliyaacha yalipoanguka. Ukutani hakulundika chochote, hapo Wariara hakusikilizwa. Pembeni mwa nyumba yote alimwaga majivu ya jikoni, ukanda mpana, ili mchwa akitaka mlango apite kwanza kwenye hayo. Aliacha njia moja tu ya kufagia, kutoka mlangoni kwenda jikoni na kutoka jikoni kwenda chooni, nyembamba kama ya mbuzi. Palipobaki, katikati ya uwanja ambao haujawahi kuona jembe, alipiga mashimo akatia mbegu za kunde na kuotesha mashina ya viazi vitamu. Maji ya kuoshea vyombo yakawa ya kunyweshea hayo.

Alipomaliza alisimama akatazama, na moyo ukamuuma. Ilikuwa kama amevaa nguo ya ndani tu kwenda sokoni.

Kijiji kilikuwa hakijasikia ufagio. Siku ya kwanza walisema Mbinya amesafiri. Siku zilizofuata waliona moshi jikoni kwake, wakashangaa. Halafu mtu aliyepita njiani akachungulia akaona majani yametanda uwanjani, akakimbia kwa Ndinda. Mchana wakaja akina mama wa kanisa kwa msafara, vitenge viunoni, na chupa ya uji, na sukari, na Biblia. Waliingia wakiimba kwa sauti ya chini, ile ya kuimbia wagonjwa.

Mbinya alikuwa jikoni akichambua maharagwe. Alipotoka, Ndinda alikuwa ameshapata ufagio kwenye msumari na ameshafagia sehemu ya mstari wa kwanza, vijiti vya mbaazi vimesukumwa pembeni.

"Ndinda! Weka chini hicho kitu!"

Wimbo ukakatika.

"Woi, Mama Nzioka, umesimama! Tulisikia uko kitandani."

"Nani kawaambia?"

"Uwanja umetuambia, mama. Tazama mwenyewe. Keti, tunakufagilia, tunaomba, unakunywa uji. Hakuna haya katika ugonjwa."

"Sina ugonjwa. Weka ufagio."

"Hata roho huugua," mama mmoja alinong'ona, na wengine wakatikisa kichwa.

"Roho yangu ni nzima kuliko yako! Ndinda, nakwambia kwa mara ya mwisho."

Lakini Ndinda alikuwa na moyo mzuri, na mtu mwenye moyo mzuri na ufagio mkononi hasikii. Akavuta tena. Mbinya akashika ufagio upande wa vijiti, Ndinda akashika upande wa mkono, wakavutana katikati ya uwanja, mama wawili wa kanisa, mpaka katani ikakatika na vijiti vikamwagika. Kuku wakakimbia.

"Aiya!" Ndinda alisema akihema. "Kwani ni majani ya dhahabu?"

"Ni uwanja wangu. Ukifagia hapo, unaenda wapi? Angalia kuteremka. Unaenda wapi?"

Wote wakaangalia. Kuteremka kulikuwa na minyaa, na nyuma ya minyaa migomba ya Ndinda ikipunga majani yake mapana.

Mbinya aliingia ndani akatoka na kipande cha kikombe, akamwekea Ndinda kiganjani. "Hiki nimekitoa kwenye kunde zako. Ni cha kabati langu. Hakikuruka ua."

Ndinda alikigeuza, akaangalia mteremko, akaangalia kikombe. Mama mmoja akaanza kucheka kwa pua, akajifunika na kitenge. Mwingine akasema, "Basi malimbuko yale nusu yalikuwa ya Mama Nzioka," na hapo wakashindwa kujizuia, hata yule wa roho huugua. Ndinda hakucheka. Alisema, "Mimi sikuuita udongo wako. Ulikuja wenyewe." Hata hivyo uji walikunywa, kwa sababu ulikuwa umeshapikwa, na wakaomba kwa kifupi. Wakaondoka kwa ile njia nyembamba, mmoja nyuma ya mwingine, wakiinua vitenge wasikanyage kunde.

Mvua ya Novemba ikaja, na ikaja yote. Siku nyingine ilinyesha kutoka asubuhi, na Mbinya hakuwa na raha. Alivaa gunia kichwani akatoka na jembe kuona. Maji yalifika kwenye mstari wa kwanza wa mawe yakasimama, yakapunguza hasira, yakapita yakiwa yamepungua rangi. Mahali pamoja mawe yalishindwa, pengo likafunguka, na mkondo ukaanza kukimbia kama zamani. Akapiga magoti matopeni, akasukuma mawe kwa mikono, akakanyagia na vijiti vya mbaazi na kisigino mpaka ukakubali. Mchwa nao walikuja, hakuwa amekosea. Walipanda kwenye vijiti vilivyo karibu na jikoni, akaviondoa vyote akavipeleka mbali, akawaambia mchwa kwa sauti wale huko. Alitamani Wariara angekuwepo aone.

Na kila jioni alikwenda kwenye kona kutazama ufa, akipitisha kidole. Hakuupenda na haukumpenda.

Nzioka alikuja mvua ilipopumzika, na alikuja na kanta moja kwa moja. Aliona mvua ilivyokuwa kubwa na hakutaka safari mbili. Wariara alikuwa mbele na blanketi za kufunikia vyombo. Kanta iliacha njia ikaelekea bomani, na kabla tairi la mbele halijaingia, sauti ikatoka.

"Simama hapo hapo! Hizo ni kunde!"

Nzioka aliteremka. Boma alilozaliwa hakulitambua. Pale alipokuwa akigeuzia gari kulikuwa na kijani mpaka miguuni pa mlango, kunde zimeshikana, viazi vitamu vimetambaa juu ya mawe, na majani ya michungwa yaliyooza katikati. Alitembea kwenye njia ya mbuzi akinyoosha mikono kama anayevuka mto juu ya gogo, akafika kwenye kona. Mfereji ulikuwa umejaa mchanga mwembamba. Udongo nyuma ya mawe ulikuwa umepanda. Akaingiza mkono chini ya msingi, mkono ukagonga jiwe. Akapitisha kidole kwenye ufa. Plasta ya Kaloki ilikuwa na mstari, mwembamba kama unywele, na haukuwa umefunguka.

"Mwaitu, nani alikwambia ufanye haya?"

"Nani aniambie? Mimi ni mtoto?"

Wariara alikuwa ameinama kwenye kunde, akichuma majani akiyapanga mkononi. Hakuinua kichwa. Mbinya alimtazama mgongo wake huo ulioinama kwa muda, kisha akaenda akamletea kikapu.

"Chuma yale ya chini," alimwambia. "Ya juu acha yaendelee. Na mchwa walikuja."

"Walikuja, mama?"

"Nikawafukuza."

Nzioka alikuwa bado kwenye kona. "Hii ni mvua moja," alisema. "Kuna ya Aprili."

"Basi njoo Aprili."

"Ufa ukifunguka Aprili, mama, sitauliza mtu."

"Aprili utaniuliza. Ukuta ni wangu." Lakini alisema bila ukali, na Nzioka aliachia hapo. Alirudi kwenye kanta akaanza kukusanya kamba alizoleta za kufungia vyombo, kisha akasita. "Na hii gari nimeikodi siku nzima."

"Vizuri," Mbinya alisema. "Chini kule kuna udongo wangu. Zunguka na njia ya kisima, utafika kwenye mtaro wa Ndinda. Beba koleo."

Ndinda aliposikia kanta nyuma ya migomba yake alitoka mbio, leso mkononi.

"Nzioka mwanangu, unafanya nini?"

"Muulize mama, mama."

"Mama Nzioka! Huo ni udongo wa shambani kwangu!"

"Ulikuja wenyewe, si ulisema?" Mbinya alikuwa amesimama upande wake wa minyaa, mikono kiunoni. "Sasa unarudi na gari."

Walibishana juu ya ua mpaka jua likaegemea. Mwishowe Ndinda alisema wachukue wa mtaroni, huo ameshachoka kuuzoa kila msimu, lakini wa kwenye migomba na kunde hapana, huo ameulisha samadi kwa mkono wake. Mbinya alifikiri. Samadi ile aliiona ikibebwa, karai kwa karai, hawezi kusema uongo. Akaona ni haki, akasema, "Chukua wa mtaroni tu, Nzioka," na Nzioka, shati likiwa limeshalowa, akashukuru Mungu kimoyomoyo.

Walimwaga udongo huo kwenye kona, juu ya mawe ya Kaloki, na chini ya mlango. Jioni kanta ilirudi Emali bila kitanda, Wariara mbele amepakata kikapu cha kunde. Mbinya alibaki akiukanyaga udongo kwa miguu mitupu, akienda na kurudi ushikane, kwa maana mawingu yalikuwa yamerudi tena upande wa kilima cha Nzaui.